Watu wa Quebec Wanajua Nyanya Zao wa 1650. Wewe Je?

Wiki ya mazishi ya shosho nilipewa kazi moja tu. Anko alinitazama akasema, "Wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Tuandikie historia ya marehemu." Kwetu ukiacha chuo ukaanza kutengeneza video, hicho ndicho cheo chako. Hata redio ikikataa kushika stesheni unaitwa wewe.

Nikaketi sebuleni na simu, wazee wakinitajia. Mwaka wa kuzaliwa: tukaweka ule ulio kwenye kitambulisho, ingawa kila mtu pale alijua si huo. Jina la baba yake: likatoka mbio, likafuatwa na la babu yake, na la mbari, hadi kilima walichotokea. Nikauliza, "Na mama yake?"

Jina la kwanza tulikuwa nalo. Kwetu binti wa pili hupewa jina la mama ya mke, kwa hivyo shangazi yangu wa pili ndiye analibeba. Lakini ni jina ambalo ukiliita sokoni wanawake kumi wanageuka. Nikauliza tena, "Alikuwa binti wa nani? Alitoka wapi?"

Kimya. Watu wakaangaliana. Mwishowe anko akasema, "Andika tu hivyo, watu huangalia picha." Nikaandika hivyo. Kurasa nane za rangi, na mwanamke aliyemzaa shosho akapata neno moja.

Kilichoniuma ni kwamba mimi najua kuna watu ambao hawana hii shida kabisa. Na sio watoto wa wafalme. Ni wajukuu wa wakulima, maseremala na wanajeshi wa kawaida, kule Quebec, Kanada. Wengi wao wanaweza kukutajia mama ya mama ya mama yao, jina lake mwenyewe, hadi miaka ya 1650. Leo nataka niwaambie walifanyaje, kwa sababu siri yao ni rahisi kuliko unavyodhani.

Nimejuaje mambo ya Quebec na mimi ni wa hapa tu? Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imegoma, niliingia kazi za mtandaoni. Mteja mmoja, mama mzee wa Marekani, alikuwa na picha nyingi za rejista za kanisa, za zamani kabisa, na alitaka mtu wa kumpangia majina kwenye jedwali. Mwandiko ni wa kalamu ya manyoya, lugha ni Kifaransa. Mimi Kifaransa changu kilikuwa kinaishia bonjour. Usiku wa kwanza nilitaka kurudisha kazi.

Lakini baada ya siku chache niligundua padri wa mwaka 1700 na padri wa mwaka 1850 wanaandika karibu kitu kile kile. Ukijua kwamba *fils de* ni "mwana wa," na *fille de* ni "binti wa," umemaliza nusu ya kazi. Nikaanza kuzisoma kama mtu anasoma chati ya marafiki. Na hapo ndipo niliona kitu ambacho hakuna mwalimu wa historia aliwahi kunionyesha.

Wacha turudi nyuma kidogo. Mji wa Quebec ulianzishwa na Samuel de Champlain mwaka 1608, kwenye ardhi ambayo tayari ilikuwa na wenyewe, mataifa ya kiasili ya pale. Koloni la Wafaransa lilikuwa dogo kama utani. Sensa ya 1666, iliyosimamiwa na Jean Talon, ilihesabu wakoloni 3,215. Hiyo ni idadi ambayo magorofa machache ya Pipeline yanaweza kumeza na bado landilodi aseme kuna nafasi.

Wanaume walikuwa wengi, wanawake wachache. Kwa hivyo kati ya 1663 na 1673 Mfalme Louis XIV akalipia nauli ya wasichana karibu 800 wavuke bahari wakaolewe huko. Waliitwa *filles du roi*, mabinti wa mfalme. Hawakuwa watoto wake, wasee. Wengi walikuwa yatima na watoto wa maskini, na serikali ilikuwa inawasafirisha kujaza koloni. Mwaka 1665 kikaja pia kikosi cha wanajeshi kama 1,200, cha Carignan-Salières, kupigana na Wairokwa. Vita vilipotulia, wanajeshi kama 400 wakabaki, wakapewa mashamba, wakaoa.

Hao watu elfu chache ndio mzizi wa mamilioni ya Wakanada wanaozungumza Kifaransa leo. Chukua mfano mmoja. Jina la ukoo lililo la kawaida zaidi Quebec ni Tremblay. Ukifuata hao akina Tremblay nyuma, unafika kwa mwanamume mmoja, Pierre Tremblay, aliyeoa mjini Quebec mwaka 1657. Na mke wake alikuwa nani? Ozanne Achon. Si "Bi. Tremblay." Si "mke wa Pierre." Ozanne Achon, jina lake na la kwao, limeandikwa na limekaa zaidi ya miaka 360.

Hiyo ndiyo siri. Kule New France, yaani Ufaransa Mpya kama koloni lilivyoitwa, mwanamke alizaliwa na jina, akabatizwa na jina hilo, akaolewa nalo, akazaa nalo, akazikwa nalo. Watoto walichukua jina la baba, sawa. Lakini kila mtoto alipobatizwa, padri aliandika mama kwa jina la kwao. Na mtu alipooa, padri aliandika wazazi wa bwana arusi, baba na mama, na wazazi wa bibi arusi, baba na mama. Mama wote wawili kwa majina ya kwao.

Sasa fikiria hiyo ni ngazi. Unaanza na ndoa ya babu yako. Pale unapata majina manne ya wazazi. Unatafuta ndoa ya wazazi wale, unapata majina manane. Unatafuta ndoa zile, unapata kumi na sita. Kila ndoa inakupandisha kizazi kimoja, kwa upande wa baba na kwa upande wa mama. Ukifika ndoa ya tisa au ya kumi, meli zinatia nanga Quebec.

Na vitabu vyenyewe vilitunzwa kwa akili. Rejista iliandikwa nakala mbili, moja ikabaki kanisani, nyingine ikaenda mahakamani. Kanisa likiungua, nakala ya pili ipo. Walijifunza kwa uchungu: mwaka 1640 kanisa la Quebec liliteketea pamoja na rejista za mwanzo, na mapadri ikabidi waziandike upya kutoka kichwani. Iliwezekana kwa sababu watu walikuwa wachache na kila mtu alimjua mwenzake. Baadaye rejista za kanisa zikawa ndizo kumbukumbu rasmi za serikali, na mfumo huo ukaendelea hadi mwisho wa 1993. Karne tatu na zaidi, bana.

Sasa usinielewe vibaya ukadhani hao mapadri walikuwa wanapigania haki za akina dada. Hapana. Sababu zilikuwa mbili, na zote ni za kuogopa hasara.

Ya kwanza ni ardhi. Koloni lilifuata sheria iliyoitwa Desturi ya Paris. Chini ya sheria hiyo mali ya urithi ilikuwa na ukoo wake. Shamba alilorithi mwanamke kwa baba yake lilihesabiwa kuwa la ukoo wake, halimezwi hivi hivi na ukoo wa mume. Watoto wa watu wa kawaida nao, wa kiume na wa kike, walirithi sawa. Sasa kama unagawa shamba kwa njia hiyo, ni lazima ujue mama ni wa kwa nani. Ndiyo maana hata manotari, wale waandishi wa mikataba ya kisheria, walimwandika mwanamke kwa jina la kwao kwenye kila hati.

Ya pili ni damu. Kanisa Katoliki lilikataza watu kuoana kama wana babu wa babu mmoja, labda wapate ruhusa maalum. Kwenye koloni la watu elfu tatu, ambapo kila mtu anaanza kuwa binamu ya kila mtu, utajuaje kama huyu ni ndugu yako bila kujua kwao mama ni wapi? Kwa hivyo padri aliuliza. Kila mara. Kizazi baada ya kizazi.

Yaani walimwandika mama kwa sababu bila yeye hesabu haikamiliki. Na leo wajukuu wanakula matunda yake.

Sasa tuje kwa jina la baba, maana hilo ndilo sisi huringa nalo. Manze, Quebec wamenifundisha kwamba jina la ukoo linaweza kukudanganya mchana kweupe.

Kwanza kuna kitu kinaitwa jina la *dit*. Hilo neno ni "aitwaye." Wanajeshi wa Kifaransa walikuwa na majina ya vitani, kama vile hapa mtaani unaitwa kitu tofauti na kilicho kwenye kitambulisho. Mmoja anaitwa Lafleur, ua. Mwingine Sansouci, asiye na wasiwasi. Kuna Lajeunesse, ujana. Kuna Tranchemontagne, mkata mlima. Kuna Vadeboncoeur, nenda kwa moyo mkunjufu. Hayo yote ni majina ya familia halisi hadi leo.

Raia wa kawaida pia walikuwa nayo, kutenganisha familia moja na nyingine au kwa sababu ya shamba walilokaa. Kwa hivyo unakuta Hudon *dit* Beaulieu, au Miville *dit* Deschênes. Mtu ana majina mawili ya ukoo kwa wakati mmoja. Leo anasaini Hudon, kesho Beaulieu. Halafu watoto wanagawana: huyu anaendelea na Hudon, ndugu yake anachukua Beaulieu. Miaka mia moja baadaye kuna familia mbili zenye majina tofauti zinazokaa kijiji kimoja, na ni damu moja.

Pili, tahajia. Waziri Mkuu wa zamani wa Kanada, Pierre Trudeau, babu yake wa kwanza huko alikuwa seremala, Étienne Truteau, aliyefika Montréal mwaka 1659. Truteau ikawa Trudeau kwa sababu kila mwandishi aliandika alivyosikia. Kama umewahi kuzungushwa kati ya ofisi na ofisi kwa sababu herufi moja kwenye cheti chako cha shule haifanani na ile ya kitambulisho, mko pamoja na ukoo wa mawaziri wakuu wawili.

Tatu, jina la kwanza nalo halisaidii. Kwa vizazi vingi ilikuwa desturi ya Wakatoliki wa Quebec kumbatiza karibu kila mvulana Joseph na karibu kila msichana Marie, halafu jina la msimamizi wa ubatizo, halafu lile jina analoitwa nyumbani. Jina kamili la Trudeau lilikuwa Joseph Philippe Pierre Yves Elliott Trudeau. Joseph ni la kila mtu. Pierre ndilo la nyumbani. Na Elliott? Hilo ni jina la ukoo la mama yake. Mama amejificha pale katikati kama pesa ndani ya leso.

Niliposoma rejista zenye akina Marie ishirini kwenye ukurasa mmoja nilicheka, kwa sababu kwetu ni hivyo hivyo. Tuna majina machache yanayozunguka toka kwa shosho hadi kwa mjukuu. Ni kitu kizuri sana, mtu hafi kabisa. Lakini bila jina la pili, huwezi kujua ni Marie yupi.

Mfano mkali zaidi ni wa Jack Kerouac, yule mwandishi wa *On the Road*. Alizaliwa Lowell, Massachusetts, mwaka 1922, wazazi wake wakiwa wametoka Quebec, na nyumbani walizungumza Kifaransa. Jamaa alisumbuliwa na jina lake maisha yake yote. Mwaka 1965 akapanda ndege hadi Ufaransa kutafuta Kerouac wa kwanza alitoka wapi. Akarudi mikono mitupu, akaandika kitabu kuhusu hiyo safari, *Satori in Paris*, kikatoka 1966. Akafa 1969 bila kujua.

Shida ilikuwa nini? Yule babu wa kwanza alikuwa akibadilisha majina yake kule Kanada, ya kwanza na ya ukoo, kama mtu anayebadilisha laini za simu. Ni mwishoni mwa miaka ya 1990 ndipo watafiti walimtambua: Urbain-François Le Bihan de Kervoac, mwana wa notari kutoka Huelgoat, eneo la Brittany. Sasa angalia hii. Alioa mwaka 1732 katika parokia ya Cap-Saint-Ignace, na mke aliitwa Louise Bernier. Huyo Louise hakuhitaji mpelelezi. Miaka zaidi ya 260 watu wanamtafuta mume, mke yuko pale pale kwenye rejista, na jina la kwao.

Halafu likaja wimbi la kuhamia Marekani. Kati ya 1840 na 1930 karibu watu 900,000 waliondoka Quebec, wengi wakienda kufanya kazi kwenye viwanda vya nguo vya New England: Lowell, Manchester ya New Hampshire, Woonsocket, Lewiston. Kule makarani na mabosi walishindwa na majina, au wenyewe wakachoka kuitwa vibaya, wakayatafsiri. Boisvert, "msitu wa kijani," akawa Greenwood. Roy akawa King. Courtemanche, "mkono mfupi wa shati," akawa Shortsleeve. Kweli kabisa.

Mteja wangu alikuwa mmoja wa hao. Jina lake la ukoo lilikuwa Kiingereza kitupu, na kwa miaka mingi alitafuta jamaa zake Uingereza, bure. Kilichomtoa ni cheti cha ubatizo cha babu yake, ambapo padri alikuwa ameandika jina la mama. Hilo halikuwa limetafsiriwa na mtu. Tukalifuata likatupeleka kijiji kimoja kando ya mto Saint-Laurent, na pale tukampata mume wake, akiwa na jina lake la Kifaransa. Mama mzee aliniandikia saa nane usiku saa zetu, herufi kubwa tupu. Nami nilifurahi kama ni wangu.

Na kama unadhani haya ni mambo ya wazee, sikia ya Madonna. Kwa baba yeye ni Ciccone, Mwitaliano. Ukifuata jina la baba peke yake unaishia Italia. Lakini mama yake alikuwa Fortin, wa asili ya Quebec, na kwa njia hiyo wataalamu wa nasaba wamemfikisha kwa Zacharie Cloutier, aliyefika New France mwaka 1634, na mkewe Sainte Dupont. Celine Dion pia wamemfikisha hapo hapo. Cloutier alikuwa na wazao zaidi ya 10,000 kufikia mwaka 1800. Yaani Madonna na Celine ni binamu wa mbali, na Madonna kaingia kwa mlango wa mama.

Halafu Beyoncé. Wengi hawajui hilo ni jina la ukoo. Mama yake, Tina Knowles, alizaliwa Celestine Beyoncé, familia ya Wakrioli wenye mizizi Louisiana. Alipoolewa jina likawa linapotea, akampa binti yake wa kwanza. Na ndugu zake Tina? Wengine wanaandika Beyincé. Tina amesimulia kwamba tahajia zilitofautiana kwa sababu ya aliyejaza vyeti vya kuzaliwa, na mama yake alipotaka zirekebishwe aliambiwa ashukuru kupata cheti, kwa kuwa kuna wakati watu weusi hawakupewa kabisa. Upande huo huo wa mama watafiti wanamfikisha kwa Joseph Broussard, kiongozi wa Waakadia, wale Wafaransa wa pwani ya Atlantiki ya Kanada ambao Waingereza walianza kuwafukuza mwaka 1755. Broussard alifika Louisiana na watu wake mwaka 1765. Na alikuwa na jina la *dit*: Beausoleil, jua zuri.

Lakini hapo kwa Tina ndipo hadithi hii inaacha kuwa tamu. Kwa sababu rejista za Quebec hazikumwandika kila mtu sawa.

New France ilikuwa na watumwa. Mwanahistoria Marcel Trudel alipitia rejista hizo hizo, akatoa kitabu mwaka 1960, na utafiti wake ulihesabu watumwa kama 4,200 kwa muda wote wa utumwa huko. Karibu theluthi mbili walikuwa watu wa mataifa ya kiasili, waliobaki wakawa Waafrika. Wa kwanza wao anayejulikana kwa jina ni mvulana aliyefikishwa Quebec mwishoni mwa miaka ya 1620, akaandikwa kuwa mzaliwa wa Madagaska, bahari yetu hii. Alibatizwa mwaka 1633, akapewa jina la Olivier, la karani mmoja wa pale, na baadaye Le Jeune, la padri aliyekuwa akimfundisha. Olivier Le Jeune. Majina yote mawili ya watu wengine. Jina alilopewa na mama yake hakuna anayelijua.

Miaka mia baadaye kuna Marie-Josèphe Angélique, mwanamke mtumwa wa Montréal, aliyenyongwa mwaka 1734 akishtakiwa kuchoma mji. Kesi yake imeandikwa kurasa na kurasa. Jina la ukoo? Hakuna. Ozanne Achon ana wazazi kwenye karatasi, Angélique hana. Vitabu vile vile, kalamu ile ile. Kuandikwa "binti wa fulani" kulikuwa kama kuambiwa wewe ni wa mtu, una mahali. Kunyimwa kulikuwa ni kuambiwa unaanzia kwa bwana wako.

Na hata kwa walioandikwa, jina halikuwa haki. Katika karne ya 19 na ya 20 wanawake wa Quebec waliendelea kuandikwa majina yao kwenye hati, lakini kwenye maisha ya kila siku wakawa "Bi. Joseph Fulani," na sheria ikamhesabu mwanamke aliyeolewa kama mtoto: hawezi kufunga mkataba wa maana bila mume. Mwaka 1961 Claire Kirkland-Casgrain alichaguliwa kuwa mwanamke wa kwanza katika bunge la Quebec. Alipotaka kukodi nyumba karibu na bunge, mume wake ndiye alihitajika kusaini. Mtunga sheria mzima! Mwaka 1964 sheria aliyoiwasilisha mwenyewe ikaondoa upuuzi huo.

Mwaka 1981 Quebec wakaenda mbali zaidi: kila mtu aliyeoa au kuolewa anabaki kisheria na jina alilozaliwa nalo. Ndiyo maana Celine aliolewa na René Angélil mwaka 1994 na akabaki Dion. Watoto nao wanaweza kupewa jina la baba, la mama, au yote mawili. Kuna wanawake wa Quebec wanaolalamika kwamba wanataka la mume na sheria inawakatalia, na mimi nawaelewa. Mtu achague. Sisemi hapa Kenya tulazimishe yeyote. Mathee alichukua jina la baba na analipenda, simtoi hapo.

Ninachosema ni kidogo kuliko hicho. Jina utakalotumia ni shauri lako, lakini liandike lile la kwao mama mahali fulani, zima, la kwanza na la pili. Sisi vijana wa mjini tunajua majina ya wachezaji wa timu ya 2004, wale wa akiba wakiwemo. Ukiulizwa mama ya nyanya yako alikuwa binti wa nani, unaangalia juu kama mtu anayetafuta mtandao. Na kwetu hakuna padri wa 1657 aliyetuandikia. Rejista yetu iko vichwani mwa wazee, nakala ni moja, na kila mwezi tunazika kurasa.

Siku ya mazishi, watu wakiwa kwenye foleni ya chakula, nilimtafuta nyanya mmoja aliyekuwa rika la shosho. Alikuja kwa matatu mbili kutoka upande ule alikozaliwa shosho. Nikampelekea chai, nikaketi chini kando ya kiti chake, nikamuuliza lile swali. Hakufikiri hata. Alinitajia mama ya shosho alikuwa binti wa nani, mto gani walikuwa wakichota maji, na mama ya huyo naye aliitwa nani. Nikaandika kwenye simu, nikamsomea. Akasahihisha herufi moja. Nikamsomea tena, akasema, "Sasa ni yeye."

Vitabu vya programu vilikuwa vimeshagawanywa, siwezi kuvirudisha. Nilichukua kile cha kubaki nyumbani, nikafungua ukurasa wa kwanza, na kando ya lile neno moja nikaongeza mengine kwa kalamu. Shangazi yangu wa pili alikuwa akiangalia. Akaniambia, "Niandikie na mimi kwa karatasi." Miaka yake yote amebeba hilo jina, na ilikuwa mara ya kwanza anajua ni la nani.